Pau, Mstari na Mhimili wa Pili

Mtu anayesifika katika chama cha wakulima kuwa ni hodari wa kompyuta hana tena faragha, kwa kuwa kila hoja iliyowashinda wazee kwa maneno huletwa kwake aigeuze picha. Ndivyo nilivyotakiwa na chama chetu cha ushirika kuonyesha, katika grafu moja, nazi zilizoanguliwa kila mwezi kwa pau, na bei ya nazi moja kwa mstari.

Programu ilitii kwa taadhima kubwa na busara haba. Nazi zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu, bei kwa mamia ya shilingi. Basi pau zikasimama kama minazi yenyewe, na mstari ukalala chini kabisa, haupandi wala haushuki. Mwenyekiti akahamaki: "Bei haikubadilika mwaka mzima? Mbona mama watoto kila siku ananidai zaidi?"

Dawa ya maradhi hayo ni mashuhuri: mstari hupewa mhimili wake wa pili, upande wa kulia, wenye kipimo chake. Bei ikainuka, na fitina ikainuka nayo; maana mihimili ikiwa miwili, kila mmoja huvutwa au kufupishwa bila ya kumwarifu mwenziwe, na mahali mstari unapokatiza pau huwa ni hiari ya mchoraji, wala si hukumu ya hesabu. Mweka hazina, aliyetamani kusifiwa, akaomba mhimili wa kulia uanzie 600, bei ionekane inapaa. Dalali aliyealikwa kikaoni, asije akatuhumiwa kuyumbisha soko, akaomba ufike 5,000, bei ionekane imetulia. Na katibu, mtu wa suluhu, akauliza kama haiwezekani mihimili ikawa mitatu.

William Playfair wa Uskoti, aliyechapisha grafu ya pau mwaka 1786, alichora mwaka 1821 bei ya ngano kwa pau na ujira wa fundi kwa mstari, tangu mwaka 1565. Lakini yeye alijaaliwa heri tuliyonyimwa sisi, kwani ngano na ujira vyote vilipimwa kwa shilingi, wala hakuzungukwa na kamati.

Mwishowe nilichora grafu mbili, moja juu ya nyingine, miezi ikilingana. Bibi mmoja mwenye shamba akazitazama kwa makini, kisha akasema: "Kumbe nazi zikijaa, bei hushuka. Mwanangu, hayo niliwaambia mwaka jana, na sikutumia umeme."