Nipeni Mtu wa Kubishana Naye kwa Kifaransa

Simu yangu imeanza tabia ya kunidai. Kabla sijanawa uso, inanikumbusha kwamba kuna kadi za maneno ya Kifaransa zimelundikana, na kwamba nisipozipitia leo kesho zitakuwa nyingi zaidi. Mpwa wangu ndiye aliyeniwekea hiyo programu. "Mjomba, bila kadi lugha itakutoka." Basi nimeifuta. Lugha ikitaka kutoka, itoke kwa hiari yake.

Mtindo wenyewe si wa jana. Mwaka 1972 Sebastian Leitner, huko Ujerumani, aliueleza kwenye kitabu: neno upande huu, maana upande ule, ukipatia, kadi inahamia kisanduku cha mbele, ukikosea inarudi cha kwanza. Sina ugomvi na Leitner. Kinachoniudhi ni upole wa kadi. Inakusubiri! Unakuna kichwa, unakwenda kuchemsha chai, unarudi, imetulia palepale na neno lake la mwavuli. Binadamu gani ana subira hiyo? Mtu ukimgugumizia kidogo tu anakumalizia sentensi, tena kwa lugha nyingine.

Kanada kuna watoto wa nyumba za Kiingereza waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa tangu wadogo. Mtafiti Merrill Swain aliwachunguza, na mwaka 1985 akaandika kwamba kuelewa walielewa karibu sawa na wenye lugha, lakini kwenye kusema waliachwa nyuma, maana darasani hawakubanwa waseme vya kutosha. Watoto hao walikisikia Kifaransa mwaka nenda mwaka rudi. Mimi na kadi ya mwavuli tutafika wapi?

Washauri nao hawaishi: ongea na watu. Sawa. Watu gani? Mimi naishi Dar es Salaam.

Ungedhani Kariakoo inatosha. Wafanyabiashara wa Kongo wamejaa, wanafungasha mizigo ya Lubumbashi, na tangu 2022 nchi yao imo Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo ni ndugu zetu kwa mkataba. Nikamwendea mama mmoja, nikammwagia salamu ndefu yenye adabu zote za darasani. Akanitazama kwa huruma. "Papa, sema tu Kiswahili, tutasikilizana." Ndiyo hasara ya kuzaliwa na lugha inayokubalika kutoka Lamu hadi Katanga: hakuna anayekuacha uhangaike. Nikang'ang'ania. Nikamuuliza kwa Kifaransa kanunua pea ngapi za viatu. "Nonante," akasema, kama Wabelgiji walivyowaachia. Mimi nilifundishwa tisini ya Paris, ambayo ni ishirini mara nne ukaongeza kumi. Nilipomaliza kujumlisha, mama alishapakia viatu na mkokoteni ukaondoka.

Wafaransa wenyewe ndio usiseme. Wamelipa ada kujifunza Kiswahili na wanataka thamani ya pesa yao. Mmoja ana mvi kunizidi, lakini ndiye aliyeniwahi na shikamoo. Nikamjibu kwa Kifaransa, akanirudishia Kiswahili. Nikakaza, akakaza. Tuliachana tumechoka, kila mtu kafanya mazoezi ya kusema na hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Kilichobaki ni kujisemea. Hapa hedifoni ni lazima, hata kama hazijaunganishwa na kitu. Ndani ya mwendokasi, anayejisemea masikio wazi watu humkimbia. Akivaa hedifoni anaheshimika, ana simu ya biashara. Basi nazivaa, nalalamika kwa Kifaransa: joto, msongamano, bei ya nyanya, aliyenikanyaga. Kulalamika ni zoezi zuri kuliko yale ya kujitambulisha, kwa sababu jina langu nilishalijua, ila kumlaumu mwenye soko la nyanya kunadai vitenzi vya kila wakati, hadi vya lile ambalo lingekuwa kama lisingekuwa.

Jioni nafungua redio ya RFI, ile taarifa ya habari ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi. Namfuata mtangazaji mgongoni, nikirudia kila asemalo nusu pumzi nyuma yake. Wepesi wameusema wao, mimi sijauona. Yule bwana anakwenda kama konda anayetaja vituo vya Mbagala. Zamani mke wangu alikuwa akiuliza, "Baba Neema, unagombana na nani huko?" Siku hizi anaongeza tu sauti ya tamthilia.

Sasa nawaomba, Mkongo, Mrundi, Mfaransa, yeyote unayesoma hapa: ukisalimiwa Kariakoo na mzee mwenye Kifaransa kinachochechemea, usimhurumie. Mkatishe, mpinge, mcheke ukitaka, lakini mnyime Kiswahili japo robo saa. Chai na chapati nalipa mimi.