Wanaume Sita, Kajiwe Kamoja

Ugomvi wa nyumbani kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, haukuletwa na pesa wala wakwe. Umeletwa na mpwa wangu, aliyejaza flashi yake tamthilia za katuni zilizogeuzwa kuwa za watu. Jioni umeme ukiwapo, runinga ni yake. Mimi nataka taarifa ya habari, yeye anataka nione ngumi.

Haya, nimeziona. Sasa niacheni nilalamike.

Mimi ni wa upande wa katuni. Avatar: The Last Airbender ya 2005 ilichorwa na watu wenye adabu: walimwita mwalimu wa kung fu, Sifu Kisu, wakatazama mikono na miguu yake ndipo wakashika kalamu. Wanaotawala maji wakapewa tai chi, wa ardhi hung gar, wa moto shaolin ya kaskazini, wa hewa bagua, ile ya kumzunguka adui mpaka achoke. Mtoto hayajui majina hayo, lakini akimwona mtu wa ardhi amekita miguu, anajua jiwe linakuja.

Mwaka 2010 M. Night Shyamalan akaigeuza katuni hiyo kuwa filamu, akatuletea watu wenye damu na nyama. Kuna mahali wanaume kama sita hivi wanapiga miguu chini, wanazungusha mikono, wanahema. Baada ya jasho lote hilo, kajiwe kamoja kanapita hewani polepole kama mgeni asiyeijua nyumba anayokwenda. Wanaume sita! Hapa Buyenzi gari likiishiwa mafuta, na siku hizi la kushangaza ni lile lenye mafuta, wanaume sita wanalisukuma avenyu nzima mpaka gereji, na bado wanabaki na pumzi za kubishana nani alikuwa anaegemea tu.

“Mjomba, hiyo ya zamani. Tazama ya Netflix, ya 2024.”

Nikatazama. Mawe yanakwenda mbio, sikatai. Lakini moto na mawe vinatiwa na kompyuta baadaye, kwa hiyo mwigizaji anapiga hewa, adui anaingoja hewa imfikie, na mimi nawangoja wote wawili. Kamera nayo haitulii. Mguu ukianza kuinuka, picha imekatwa; ukifika shingoni, tumeshahamia mgongoni kwa adui. Nani alimpiga nani? Mpwa anasema nisiulize, nitazame.

Ninachokiona ni kwamba katuni ilimwiga mwalimu, na sasa mtu anaiga katuni. Mkao upo, uzito umebaki njiani. Akiruka, ameshikwa na waya, na wa kwenye waya hatui, anashushwa. Mrundi utamdanganya kwa kuruka? Wapiga ngoma wa Gishora, wa ngoma ya kifalme iliyoandikishwa UNESCO mwaka 2014, wanaruka bila waya wowote, na wakitua unazisikia nyayo.

Wapo waliojua kazi. Katika filamu ya Rurouni Kenshin ya 2012, mpangaji wa mapigano Kenji Tanigaki, aliyepikwa Hong Kong akifanya kazi na Donnie Yen, alimkimbiza mwigizaji Takeru Satoh kweli kweli na kamera ikawa na subira. Na tamthilia ya One Piece ya 2023, iliyopigwa Cape Town, ina yule Zoro wa panga tatu, mmoja mdomoni. Nilimkubali kabla sijaambiwa kwamba Mackenyu, anayemwigiza, ni mtoto wa Sonny Chiba. Sisi wa enzi za vibanda vya video baba yake tunamjua. Tatizo langu ni upanga wa mdomoni: anaongeaje nao bila kudondosha hata mate? Mama watoto anasema anaeleweka kuliko mimi nikiwa na chapati.

Juzi nikamtuma mpwa akachote maji. Nikamkuta uani amepanua miguu mbele ya ndoo tupu, anazungusha mikono, macho ameyafumba. Nikamuuliza maji yako wapi.

“Maji yanatiwa baadaye, mjomba. Na kompyuta.”