Pipa la Baba Warda

Mume wa kuleta fedha nyumbani ni neema, hilo hakuna anayelibisha. Mgogoro wa nyumba yetu ulianza pale fedha zilipoletwa zikiwa na kutu, chumvi na harufu ya kamba waliochacha, zikamwagwa juu ya meza ya kulia dakika chache kabla ya chakula.

Tunaishi Houston, Texas, ghorofa ya pili, kwenye majengo ambayo mashine za kufulia ni za wapangaji wote. Mashine hizo hazikopeshi. Zinataka sarafu za robo dola, tena ziwe safi. Kisiwa cha Galveston, chenye ufukwe mrefu na watalii wengi, kiko kilomita zipatazo 80 kutoka kwetu. Baba Warda alipojinunulia kifaa cha kutambua metali, alinipigia hesabu nyepesi: watalii wanadondosha robo mchangani, yeye anaziokota, mimi nafulia. "Mama Warda," akasema, "hapa ni kutembea tu, bahari ndiyo inayolipa."

Bahari ikalipa kweli. Lakini robo iliyolala kwenye maji ya chumvi haitoki ilivyoingia. Nyingine zilikuwa nyeusi tii, nyingine nyekundu, nyingine zimegandiwa na mchanga hata huoni kichwa wala mkia. Ukiitia kwenye mashine ya kufulia, inatemwa. Ukiipeleka kwenye mashine ya dukani inayohesabu chenji, inatemwa tena, kwa kelele, huku waliopanga foleni nyuma yako wakichungulia. Nikajikuta na ndoo ya fedha halali isiyoweza kununua hata pakiti ya sabuni.

Wakati huo Mama, mkwe wangu, alikuwa amekuja kutoka Tanga kutusalimu. Mwanawe akamweleza kwa fahari habari za Galveston: jinsi kimbunga cha tarehe 8 Septemba 1900 kilivyoufunika mji, kikaua watu wasiopungua 6,000, na jinsi bahari inavyoendelea kutoa vitu kila dhoruba inapopita. Mama akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo, mwanangu, unachokora fedha za marehemu?"

Ilibidi Baba Warda aape kwamba robo zake zilidondoshwa na watu wazima wa afya, waliolala juu ya mataulo yao mwaka jana tu. Mama akaridhika nusu. Akachukua robo moja, akaigeuzageuza, akaomba ndimu, chumvi na mchanga kidogo. Huko kwao, alisema, sinia za shaba zilisuguliwa kwa ukwaju mpaka ukaona uso wako. Akaketi barazani na wajukuu wake, wakasugua. Robo zikang'aa, vidole vikachubuka, na ndoo ikabaki ilivyokuwa.

Baba Warda akaamua kutumia akili. Mfanyakazi mwenzake alikuwa amemwambia kwamba siki hula kutu na kwamba magadi ya kuokea hutoa uchafu. Hakumwambia kwamba vikikutana vinafanya gesi. Akavitia vyote viwili kwenye chupa ya achari pamoja na sarafu, akakaza kifuniko sawasawa, akampa mwanetu Hamadi mwenye miaka saba atikise. Bahati nzuri Hamadi alichoka mapema, akaiweka chupa mezani akaenda zake. Kifuniko kiliruka kikagonga dari, siki ikalowesha pazia, na Mama akaonekana chini ya meza akisoma Ayatul Kursi. Alipotoka alisema neno moja: "Nunueni mashine."

Mashine yenyewe inaitwa tambla. Asili yake ni ya watu wanaong'arisha mawe. Ni pipa dogo linalolala juu ya roli mbili. Mota inazungusha roli, roli zinazungusha pipa. Ndani unatia sarafu, kokoto ndogo zile za kuwekea samaki wa kwenye tangi, maji ya kufunika na tone la sabuni ya vyombo. Pipa lisipite nusu au theluthi mbili, maana vitu vikibanana havisuguani. Kwa ufupi ni kazi ileile ya Mama barazani, ila hii haichubui vidole.

Kuichagua sasa. Warda, ambaye ana miaka kumi na miwili na ndiye katibu wa nyumba, alitusomea habari za aina mbalimbali kila usiku baada ya chakula. Kulikuwa na bakuli la kutetemeka, ambalo hapa Texas halikosekani kwenye maduka ya bunduki, kwa sababu wenye bunduki hulitumia kusafishia maganda ya risasi. Kazi yake kwa kawaida ni kavu, ndani mnawekwa maganda ya jozi yaliyosagwa au magunzi ya mahindi. Linafaa kwa masizi ya baruti, lakini chumvi iliyoganda inataka maji. Kulikuwa na tambla ya watoto, yenye pipa la plastiki, bei ya kutabasamu. Na kulikuwa na tambla yenye pipa la mpira, ratili tatu, yaani kilo 1.4 hivi, bei ya kunyamaza.

Baba Warda akanunua ile ya kutabasamu.

Usiku wa kwanza tulilala, au tulijilaza, tukisikiliza lori la kokoto likipanda mlima Kitonga ndani ya kabati la nguo zangu. Plastiki haimezi sauti, inaikuza. Akaihamishia kwenye bafu, juu ya taulo. Bafu likaipokea sauti na kuiongeza. Akaizungushia blanketi, mota ikapata joto na kuanza kunuka. Tukasema basi iende mchana. Lakini jirani wa chini ni muuguzi wa zamu ya usiku, na mchana ndio usiku wake. Alipanda ngazi, akagonga mlango taratibu, akiwa na macho mekundu na kandambili tofauti miguuni. Hakugomba. Aliuliza tu kama tunajenga. Aliondoka na sahani ya sambusa na ahadi ya Baba Warda, na mimi nikapata hoja niliyokuwa nikiitafuta: tambla ya nyumba ya kupanga usiichague kwa macho wala kwa bei, ichague kwa masikio ya jirani.

Pipa la mpira likaja. Lilinguruma chinichini, Mama akadhani ni friji. Baba Warda akalijaza kwa shauku: robo, senti kumi, senti tano, peni za senti moja, zote pamoja, akaliacha lizunguke usiku kucha. Asubuhi tukakusanyika jikoni. Akafungua kifuniko, kukatoka maji ya kijivu mazito yenye harufu ya misumari. Akaingiza mkono, akatoa robo, akaisuuza. Ilikuwa ya waridi. Akatoa nyingine, ya waridi. Senti kumi nazo za waridi. Warda alifurahi sana, ndiyo rangi aipendayo. Baba yake akakaa kwenye kiti.

Kosa lilikuwa la ndoa. Robo na senti kumi za Marekani tangu 1965 zina moyo wa shaba tupu na ngozi ya mchanganyiko, shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25. Peni ni za ukoo mwingine. Za kabla ya 1982 ni shaba asilimia 95. Mwaka huo zikaanza kubadilishwa kuwa zinki iliyopakwa shaba nyembamba. Ukizizungusha pamoja, shaba ya peni inaingia kwenye tope na kwenda kujipaka kwenye robo. Kwa hiyo peni huzungushwa peke yake, na sarafu nyeupe peke yake. Robo za waridi zilirudishwa pipani na kokoto mpya, zikapungua wekundu, ingawa ziko ambazo hadi leo zina haya.

Ile zinki ina visa vyake pia. Maji ya bahari yanaitafuna peni mpaka inabaki na pengo. Na ukiitia tindikali, hata ya ndimu, inatoa gesi ya haidrojeni. Baba Warda alipokamulia ndimu kwenye pipa la peni ili kuharakisha, kifuniko cha mpira kilianza kuvimba taratibu. Mama alikuwa wa kwanza kukiona. Alichukua kikombe chake na kuhamia chumbani bila kusema kitu. Tangu hapo ni sabuni tu, na kifuniko hufunguliwa mara kwa mara kipumue.

Kisha likaja suala la tope. Kila atumiaye tambla atakwambia usimwage maji yake kwenye sinki, yamwage nje au kwenye ndoo yatulie. Baba Warda alilijua hilo, ila kulikuwa na mvua na ngazi ni ndefu. Tope la kokoto lilikwenda likaketi kwenye kona ya bomba, likaganda. Fundi wa majengo alikuja na waya wake mrefu, akatoa kitu kizito cha kijivu, akakitazama, akatutazama. Baadaye tukapokea barua yenye adabu nyingi na tarakimu chache, tarakimu zenyewe zikiwa nene.

Nikaomba kikao. Nikaweka mizani ya jikoni mezani. Robo moja ina gramu 5.67, kwa hiyo robo 100 ni gramu 567: hizo zinaingia pipani pamoja na kokoto zake, na zikitoka ni dola 25. Peni mpya ina gramu 2.5. Peni 100 zinachukua nafasi, umeme, maji na usingizi wetu, zikitoka ni dola moja. Nikamkumbusha kwamba serikali ya hapa yenyewe ilishindwa hesabu hiyo: mwaka wa fedha 2024 kila peni iliigharimu zaidi ya senti tatu na nusu kuitengeneza, na Novemba 2025 kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kikapiga peni ya mwisho ya mzunguko. "Kama Marekani nzima imesalimu amri," nikauliza, "sisi ni nani?" Peni zikaondolewa kwenye ratiba.

Baba Warda naye akaweka sharti lake, na hili alilisimamia kwa ukali: chochote cha zamani kisiingie pipani. Robo za 1964 kurudi nyuma ni fedha asilimia 90, unazitambua kwa ubavu wake usio na mstari wa shaba. Aliwahi kupata moja, akaisuuza kwa maji tu na kuifunga kwenye karatasi laini. Wakusanyaji hawataki sarafu kuukuu iliyosuguliwa. Ile ngozi iliyojengwa na miaka ndiyo wanayoilipia, na ukishaibandua hairudi. Tambla ni ya fedha ya kutumia. Alituhutubia hivyo mara nyingi, mpaka Hamadi akawa anamalizia sentensi.

Mama hakuwa akisikiliza. Alikuwa akitazama robo zinavyotoka. Siku moja akafungua fundo la upindo wa kanga yake, akatoa senti kumi ya shaba nyeusi yenye tundu katikati, ya zama za Mfalme George wa Sita, ile ambayo pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu. Aliachiwa na mama yake, aliyekataa kuzitoa sarafu zake zote Tanzania ilipoanza kutumia shilingi yake mwaka 1966. Akasema bismillahi, akaidumbukiza pipani, akamwambia Hamadi afunge.

Hamadi alifunga, kisha akaenda kumweleza baba yake kwamba Bibi naye ameosha.

Sijawahi kumwona Baba Warda akikimbia hivyo. Alichomoa waya, akanyakua pipa, akang'oa kifuniko hapohapo juu ya zulia. Tope lilimwagika, robo zikatawanyika chini ya kochi, naye akapiga magoti akipapasa kila kokoto. Aliipata. Aliifuta kwa shati lake na kuiinua dirishani. Vidoa vya weusi vilibaki kwenye mabonde ya herufi, lakini migongo ya zile pembe mbili ilikuwa imeshaanza kung'aa, nyekundu, mpya.

"Mama, umeiharibu! Thamani yake yote ilikuwa kwenye ule weusi!"

Mama akanyoosha mkono, akaichukua, akaitazama kupitia tundu lake.

"Kwani ulikuwa na mpango wa kuiuza?"

Hakujibu. Mama akaifunga tena kwenye upindo, akamwambia Warda alete kitambaa cha kufutia zulia.

Sasa mambo yametulia. Pipa linazunguka jioni tu, muuguzi akishaondoka. Tope linakaa kwenye ndoo, maji yanatulia, kokoto zinasuuzwa kwa zamu nyingine. Robo safi zinawekwa kwenye kopo juu ya friji, na mashine za kufulia zinazikubali, hata zile zenye haya. Tatizo ni kwamba anayetoka ufukweni harudi na robo tu. Suruali zake zina mchanga mifukoni, soksi zina mchanga, taulo lina mchanga, na nguo hizo huwezi kuzichanganya na za watoto. Zinafuliwa peke yake, zikikamatwa na mchanga zinarudiwa, na kukausha nako kunalipiwa. Juzi nilimwaga kopo mezani nikamhesabia: anachookota kinatosha kufua alichovaa akiokota.

"Basi," akasema Baba Warda, amefurahi kweli, "hatudaiani."

Nikamwambia bado kuna lile bomba.