Eti Tuombe Ruhusa kwa Simu Zetu

Mfyuuu! Nimesonya, na nitasonya tena kabla kahawa hii haijapoa. Muuza kahawa, niongeze kikombe na kipande cha kashata, maana haya ya simu hayasemeki koo likiwa kavu.

Mmesikia wanayopanga Google? Agosti 2025 walitangaza kwamba mtu yeyote anayetengeneza programu za simu za Android sharti ajiandikishe kwao. Hata kama programu yake haipeleki kwenye duka lao la Play Store. Hata kama anawatengenezea majirani zake tu. Wanataka jina la kisheria, anwani, barua pepe, namba ya simu, na kitambulisho wakikihitaji. Asiyejiandikisha, simu itaikataa programu yake. Wanaanza Septemba 2026 na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, halafu kuanzia 2027 inasambaa dunia nzima. Dunia nzima, jamani, na Manzese imo.

Dereva boda ameinua shingo: "Kwani mimi inanihusu nini? Mimi sitengenezi programu."

Haya, bwana mdogo, nikuulize. Hiyo GB WhatsApp unayojidai nayo, WhatsApp isiyo rasmi, uliitoa wapi? Si mwenzio alikurushia kwa Xender, mmekaa papa hapa kwenye benchi, bila kula hata senti ya bando? Simu nyingi za mtaa huu zimelishwa hivyo hivyo. GB yenyewe siitetei, maana aliyeipika simjui na wala wewe humjui. Lakini njia iliyoingilia ndiyo inayogombewa. Android tangu ianze kuuzwa mwaka 2008 ilikuwa na tabia hiyo: ukipata faili la APK unaliweka mwenyewe, simu inakuonya kwamba chanzo hakijulikani, unakubali au unakataa, yakikufika shauri lako. Hicho ndicho kilikuwa kiburi chetu mbele ya wenye iPhone.

Wenye iPhone walishazoea kuchungwa. Simu yao ilitoka 2007 bila duka lolote, na duka lilipofunguliwa Julai 2008 likawa mlango pekee, tajiri kakaa kizingitini anakata asilimia 30. Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, walipojaribu kulikwepa kato hilo Agosti 2020, mchezo wao ukaondolewa dukani siku ileile. Kesi wanaburuzana miaka na miaka. Umoja wa Ulaya ukatunga sheria yake, na tangu Machi 2024 Apple imelazimika kukubali maduka ya watu wengine kwenye iPhone. Huko Ulaya, lakini, si kwetu! iPhone ya Brussels na iPhone ya Sinza zote zimetoka kiwandani kwa tajiri mmoja, ila moja imeruhusiwa kuingia sokoni kwingine na nyingine imeambiwa itulie.

Sasa kichekesho chenyewe ndicho hiki: aliyekuwa amefunga analazimishwa kufungua, na aliyekuwa amefungua anaanza kurudishia komeo kwa hiari yake.

Sababu wanayotoa ni usalama. Google wanasema katika uchunguzi wao programu hasidi zinazotoka nje ya duka ni zaidi ya mara 50 ya zinazopatikana ndani. Sitabisha hesabu yao. Na mwalimu wetu mstaafu hapa ameshanishika mkono wa shati: "Mama mtu mzima akitumiwa faili, akaambiwa ni kadi ya harusi ya mpwa wake, akabonyeza, salio lote likakombwa, utamlipa wewe?"

Simlipi, mwalimu, na swali lako ni la haki. Ila na mimi nikuulize la kwangu. Wale wa mikopo ya mtandaoni waliingilia wapi? Hawakuja kwa Xender wale. Kule Kenya walikaa Play Store mchana kweupe, wamejiandikisha, ada ya dola 25 wamelipa. Ukikopa, programu inachota namba zote za kwenye simu yako, ukichelewa siku mbili wanampigia mama mkwe. Mama mkwe! Mtu ambaye hata kumsalimia unainamisha kichwa, leo anaambiwa na mtu asiyemjua kwamba mkwewe ni tapeli. Waliokuja kubana ni Benki Kuu ya Kenya, na kanuni zake za wakopeshaji wa kidijitali za 2022. Mwanzoni mwa 2023 ndipo duka likaanza kudai leseni kwa programu za mikopo za huko. Kwetu Benki Kuu ilitoa orodha Novemba 2024: majukwaa na programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Kwa hiyo mlinzi wa mlangoni akiniambia nimkabidhi na madirisha, lazima nimtazame mara mbili.

Na hili neno usalama si mara ya kwanza kulisikia Afrika Mashariki. Wangapi mnaikumbuka vita ya laini nyembamba? Nairobi, mwaka 2014. Benki ya Equity inataka iwe na huduma yake ya fedha kwenye simu, lakini Wakenya laini zao ni za Safaricom, na M-Pesa imelala humo tangu 2007. Wakaja na ujanja: laini nyembamba kama ganda la kitunguu, inabandikwa juu ya laini uliyonayo, simu ileile inakuwa na laini mbili, hata kama ina tundu moja. Mimi nilipoisikia nilipiga makofi. Safaricom wakaja juu: kile kiganda kikikaa hapo katikati kitaweza kunasa siri za wateja wa M-Pesa, kisiruhusiwe. Usalama! Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikasikiliza pande zote, ikaruhusu kwa majaribio ya mwaka mmoja, na 2015 Equitel ikazinduliwa rasmi. M-Pesa iko palepale, na Equity nao wana laini yao. Sisemi Safaricom walikuwa waongo, hofu ya aina ile ina mantiki yake ya kiufundi. Nasema hofu na mfuko walikuwa wamekaa benchi moja, na kilichosaidia ni kwamba mwamuzi alikuwa mtu wa tatu. Kwenye hili la Google mwamuzi ni nani? Mwenye duka ndiye mwenye mlango, ndiye mpokea ada, ndiye atakayeamua nani ni mtu mwema.

Fundi simu naye, aliyekuwa kimya akichokonoa tundu la chaji, kadakia: "Mbona simu za mkopo zinafungwa kila siku na hamsemi?"

Fundi, hapo umenipa nafasi. Simu ya mkopo naielewa. Safaricom na Google wenyewe walikuja na Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, shilingi 20 za Kenya kwa siku, usipolipa simu inajifunga. Inauma, lakini haijawa yako, na uliambiwa kabla hujaibeba. Siku ukimaliza deni, kufuli linatoka. Mimi hii yangu nilihesabu noti Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikapewa na risiti. Deni langu kwa nani? Kwa nini nami nikae kama mwenye mkopo, na mkopo wenyewe hauna siku ya kwisha?

Na tuwafikirie wanaotengeneza, maana sisi hapa tunalia habari ya GB tu. Kuna kijana hajamaliza chuo, kawaandikia akina mama wa vicoba programu ya kuhesabu hisa na marejesho, inazunguka kwa Bluetooth na WhatsApp. Kwa watu kama yeye Google wanasema kutakuwa na akaunti ya bure ya wanafunzi na wanaojifunza, ila idadi ya simu itakuwa na kikomo. Kikundi kikikua, kijana anarudi kwenye foleni ya vitambulisho. Kuna F-Droid, duka la programu huria lililopo tangu 2010, halina matangazo wala halimuulizi mtu jina lake. Wao wameshasema wazi kwamba kanuni hii ikipita ilivyo ndio mwisho wao, kwa sababu hawawezi kuwalazimisha watengenezaji wote wale waende kujiandikisha kwa Google. Halafu kuna yule anayeandika programu ambayo wakubwa wa nchi yake hawaipendi. Huyo ukimwambia alete jina la kisheria na anwani, umemwambia aache.

Kelele zilipozidi, Novemba 2025 Google walilegeza kidogo. Wakasema itakuwepo njia maalumu kwa watumiaji wazoefu: utaonywa vya kutosha, ukisisitiza, utaruhusiwa kuweka programu ya asiyejulikana. Hapo ndipo ningependa waanzie na waishie. Nionye mara tatu, andika kwa maandishi mekundu, nilazimishe nisome mpaka mwisho ili yule tapeli wa kadi ya harusi achoke kunisubiri kwenye simu. Kisha niachie. Kwa mama mtu mzima iwe imefungwa tangu dukani, na wanawe wajue pa kufungulia.

"Mzoefu anapimwa kwa nini?" kauliza muuza kahawa. Hakuna aliyemjibu, maana fundi alikuwa keshaanza kucheka. Anasema kama njia yenyewe itakuwa ndefu namna hiyo, basi watu hawatahangaika nayo, watamletea yeye simu pamoja na namba ya siri, awafungulie. Elfu tano kufungua, elfu saba na GB ndani yake.

Mwalimu kamuuliza kama huo ndio usalama wenyewe. Dereva boda anasema elfu saba ni wizi, yeye ana elfu tatu na mteja anamsubiri kituoni.