Mwongozo wa Kunyolewa Vibaya Karatu

Mwanamume akienda mnadani Karatu kununua beberu, atamfungua mdomo ahesabu meno, atambonyeza mgongo, atamzungusha mara mbili, kisha ataondoka kwa hasira ili aitwe tena bei ishuke. Mwanamume huyohuyo akifika kwa kinyozi huketi, hufumba macho na kusema, "Wewe nitoe tu." Mwongozo huu ni wake. Mwenye nywele nyingi za kipilipili akifuata hatua zote, tunamhakikishia atatoka na kichwa ambacho hakukiagiza.

Hatua ya kwanza: Nenda na vumbi lako

Msimu mzuri ni kiangazi, Juni hadi Oktoba, jioni, madereva wa watalii wanapoteremka kutoka Lango la Lodoare. Wameshinda na paa la gari wazi ili mgeni apige picha ya faru, na vumbi la Ngorongoro limehamia vichwani mwao. Vumbi hilo hujificha kwenye mikunjo ya nywele. Mashine ikipita, linayala meno yake. Meno butu hayakati, yanang'oa. Kwa hiyo kinyozi akiuliza, "Bosi, tukuoshe kwanza?" mjibu kwamba utaoga nyumbani.

Usije ukadanganywa na wazee waliosema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Walikuwa wanasema habari za wembe, nao unywele ukilowa hulainika na kukatika vizuri. Mama wa Kimaasai analijua hilo. Kwenye eunoto, morani anapoingia daraja la wakubwa, nywele ndefu alizozisuka na kuzipaka ngeu na mafuta hulowanishwa kwa maji na maziwa, kisha mama yake huzinyoa zote, wala hamwulizi kijana anataka mtindo gani. Mashine ina sheria nyingine. Nywele za kipilipili zikilowa hujikunja zaidi na kushikamana. Fundi anayejua kazi huziosha, huzikausha, huzichambua kwa chanuo, ndipo huwasha mashine. Ukishindwa kulikwepa beseni, basi dai kunyolewa zikiwa bado zinachuruzika.

Hatua ya pili: Nyosha kidole ukutani

Kuna bango lenye vichwa vya wanaume wasiojulikana, kila kimoja na namba yake. Chagua yule mwenye mawimbi laini yaliyolala upande mmoja. Usijisumbue kufikiri kwamba kinyweleo chako kimepinda ndani ya ngozi, na kwamba unywele unaotoka humo ni bapa, ndiyo maana hujisokota. Uvute, ni mrefu. Uachie, umerudi nusu au chini ya hapo. Hapo ndipo panki hugeuka denge: fundi amezinyosha kwa chanuo, ameona ni nyingi, amekata, nazo zimerudi makwao.

Hatua ya tatu: Sema "kama kawaida"

Maneno haya hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa ni mara yako ya kwanza dukani hapo. Usitaje namba ya kitana cha mashine. Namba moja huacha nywele za milimita 3 hivi, namba mbili milimita 6, na mwenye hadhari huanza na kitana kikubwa akishuka taratibu, kwa kuwa nywele hupunguzwa, haziongezwi. Wewe anza na mashine tupu.

Mashine ikifika juu ya sikio, anzisha mjadala wa Simba na Yanga. Kama wingu limetanda juu ya Mlima Oldeani na duka halina mashine ya chaji, ni vizuri zaidi: umeme ukikatika katikati ya kazi, utakuwa na muda wa kuumaliza mjadala ukiwa umenyolewa upande mmoja.

Mambo yakiharibika kabisa, fundi atakushauri kipara. Kubali, hasa Julai, hasa kama kazi yako iko ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Wauza kofia nao wana watoto.

Hatua ya nne: "Nichonge mpaka ing'ae"

Dai wembe kwenye kisogo, kwenye kidevu na kwenye mstari wa mbele. Unywele uliojipinda ukikatwa chini kabisa, ncha yake huota ikirudi ndani ya ngozi, na ngozi huupokea kwa vipele. Vya kisogoni visipoachwa vipumzike hugeuka makovu magumu yaliyovimba. Mstari wa mbele nao kila wiki husogezwa nyuma kidogo ili unyooke. Mwisho wa mwaka paji la uso litakuwa limejiongezea mipaka.

Usiulize kama wembe ni mpya. Usiulize spiriti iko wapi, wala mtoto aliyetangulia kwenye kiti alikuwa na nini kichwani. Mapunye husafiri bila nauli kwenye meno ya mashine. Kisha dada wa saluni akija na kusema, "Kaka, nikufanyie skrabu?" kubali papo hapo, ngozi ingali mbichi kwa wembe, chembe zipate pa kuingilia.

Hatua ya tano: Nyoa asubuhi ya harusi

Waoga hunyoa wiki moja kabla, ili vipele vinywee na makosa madogo yajifiche. Wewe subiri siku yenyewe. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, na za kipilipili hujikunja hivyo huonekana fupi zaidi. Picha za harusi hazitasubiri.

Hatua ya mwisho: Kioo

Fundi atakuwekea kioo nyuma ya kisogo na kukuuliza, "Vipi, mkubwa?" Mashine bado iko mkononi mwake, bado ina moto, na upande wa kushoto uko juu kuliko wa kulia. Neno moja tu lingetosha. Mwambie, "Safi sana, fundi," lipa, toka. Malalamiko yatunze mpaka ukae juu ya bodaboda. Dereva atakusikiliza kwa huruma hadi mlangoni kwako, na hana mashine.