Shukrani za mfugaji, na ombi dogo

Kwa Mheshimiwa Sana,
Mwenye Mamlaka juu ya Ardhi, Maji na Majani,
Sanduku la Posta unalolijua mwenyewe.

YAH: SHUKRANI ZA MFUGAJI, PAMOJA NA OMBI DOGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, shikamoo. Shikamoo tena, kwa kuwa ile ya kwanza huenda imeishia kwa mlinzi wa getini, na hii ya pili kwa katibu muhtasi. Basi nakuongezea ya tatu, shikamoo, labda itakufikia ikiwa bado na joto. Natambua kwamba kwa umri wewe ni sawa na kitinda mimba wangu, na kwamba kwa desturi yetu ya Kimaasai wewe ndiye ungeniinamishia kichwa nikuguse utosini. Lakini cheo hakina utosi. Nimekwishainama mimi.

Utaniwia radhi kwa kasoro mbili za barua hii. Kwanza, pale juu kulia, ambapo mwalimu wangu wa darasa la nne alisisitiza pakae anwani ya mwandishi, nimepaacha wazi. Leo naandika chini ya mgunga. Keshokutwa, mvua ikinyesha ng'ambo ya korongo, nitakuwa ng'ambo ya korongo. Pili, sikuandika jina lako. Si utovu wa adabu. Katika miaka 12 nimewapokea waheshimiwa sita kwenye kiti hicho ulichokalia. Kila mmoja alinikuta hapa, akaniita mkutanoni, akanieleza kwa upole madhara ya kuhamahama, kisha akahamishwa. Lori likaja, likabeba makochi, friji, godoro la sita kwa sita na banda la kuku, na posho ya uhamisho ikalipwa. Sisi wafugaji tulisimama kando ya barabara tukapunga mikono. Nakukaribisha wewe wa saba, na nakuombea makazi ya kudumu.

Maneno hayo, makazi ya kudumu, tulifundishwa na serikali yenyewe. Miaka ya 1970, enzi za vijiji vya ujamaa, operesheni ya Umaasaini ilipewa jina la Kimaasai kabisa, Imparnati, ili tusipate taabu ya kutafsiri. Kwa ukarimu huo nashukuru. Baba yangu alijenga nyumba katika mstari mmoja na majirani, kama alivyoelekezwa, na ng'ombe wakamaliza majani ya kijiji kizima kwa miezi miwili. Mwezi wa tatu nyumba ilikuwa bado kwenye mstari. Baba na ng'ombe hawakuwepo.

Kabla ya hapo, kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, tulihurumiwa upande wa mavazi. Ilipita kampeni ya kututaka tuvae suruali, kwa kuwa lubega ilionekana kulitia aibu taifa changa. Babu alinunua moja, ya kaki, akaivaa kwenda mjini na kurudi, akasema inamzuia kukaa kama mtu mzima. Siku hizi nikifika uwanja wa ndege, bango la kwanza kumpokea mgeni lina kijana wa lubega anaruka juu. Nafurahi sana kwamba ile aibu imepona. Sijapata tu wa kumrudishia suruali ya babu.

Nikirudi nyuma zaidi, deni langu la shukrani linazidi kunielemea. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walitukatia mpaka. Mstari ulitoka pwani ukaelekea Ziwa Victoria, na ulipofika Kilimanjaro ukapinda kwa heshima ya mlima. Kwa ng'ombe haukupinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaja sotoka, ikaua karibu ng'ombe wote, na njaa ikafuata na watu. Kwa hiyo Waingereza walipopitisha reli yao kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyofika ziwani mwaka 1901, walikuta katika Bonde la Ufa majani marefu na wachungaji wachache, wakasikitika jinsi nchi nzuri ilivyokaa bure. Walowezi wakapenda kukaa karibu na reli. Mwaka 1904 Laiboni Olonana na wazee wenzake wakawekewa mkataba mezani: tuondoke Naivasha na Nakuru, tukae Laikipia na kusini, na mpango huo udumu kwa muda wote ambao Wamaasai watakuwepo duniani. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine, wa kutuondoa Laikipia. Ni miaka saba hiyo, Mheshimiwa. Nadhani waliangaza huku na huko wakaona tumekwisha.

Wale ambao hawakuwa na habari kwamba wamekwisha walikwenda mahakamani mwaka 1913. Majaji waliwasikiliza kwa staha. Wakasema kwamba Wamaasai walipotia alama kwenye karatasi ile walikuwa kama dola inayofunga mkataba na dola nyenzake, na mambo ya madola hayaamuliwi na mahakama ya kawaida. Rufaa nayo ikatupwa mwaka huohuo. Sijui kama lipo kabila jingine lililoshindwa kesi kwa kuheshimiwa kupita kiasi. Zipo siku, nikiwa peke yangu machungani, natamani ningedharauliwa kidogo nikapata haki yangu.

Upande wetu wa Tanganyika hatukuachwa nyuma. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1958 wazee 12 walitia saini kwamba tutaiacha, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya Ngorongoro, tukae huko pamoja na wanyamapori. Tangu 2022 kaya kadhaa za huko zimepelekwa Msomera, wilayani Handeni, kwenye nyumba za vyumba vitatu. Nyumba ni imara, sikatai. Mwenye ng'ombe 60 akionyeshwa vyumba vitatu anashukuru, kisha kwa adabu anauliza ni kipi cha ng'ombe.

Mwanangu anafundisha historia sekondari, na likizo ananisomea. Ananiambia wala wewe si wa kwanza kutupenda hivi. Katika karne ya 18 Malkia Maria Theresa, aliyetawala Austria na Hungary, aliwakataza Waroma, wahamaji wa Ulaya, kumiliki farasi na magari ya kukokotwa, akafuta hata jina lao, akaamuru waitwe wakulima wapya. Kule Kazakhstan, kati ya 1930 na 1933, Wasovieti waliwatuliza wafugaji mahali pamoja na kuwachukulia mifugo, na zaidi ya watu milioni moja wakafa njaa. Nilimwomba mwanangu asiendelee, nikamtuma akaangalie ndama. Lakini usiku nilifikiri: mtu anayehama huwa anawafanya nini watawala? Hata kodi tunalipa. Mnadani tunalipa, kwenye mizani tunalipa, kizuizini tunalipa. Labda ni kule kuhesabiwa. Karani akifika, amekuta majivu ya moto. Naomba radhi kwa niaba ya majivu.

Niruhusu nikuchoshe kidogo na kazi yenyewe, maana kwenye mikutano zamu ya wafugaji hufika soda zikishakwisha. Mvua ya huku haigawiwi sawasawa kama posho. Hunyesha bonde hili, ikaruka lile, ikarudi baada ya wiki tatu kwa lile lililokasirika. Masika, majani mafupi ya tambarare ndiyo matamu. Udongo wake ni wa majivu ya volkano, una chumvichumvi, na ng'ombe aliyeyala utamwona manyoya yanang'aa. Kiangazi tambarare hukauka hata maji ya kulowesha ulimi hakuna, nasi tunapanda nyanda za juu. Vijana wanatangulia na mifugo hadi ronjo, yaani kambi ya muda ya malisho, wazee na watoto wanabaki bomani na ng'ombe wachache wa maziwa. Karibu na boma kuna alalili, malisho yaliyofungwa hadi wakati wake, na anayeingiza mifugo mapema anaitwa mbele ya wazee. Mpango wa matumizi bora ya ardhi tulikuwa nao kabla haujawa na semina.

Tena lipo jambo ambalo wataalamu wako wanalijua vizuri kuliko mimi. Tambarare hizohizo ndiko nyumbu wanakozalia, hasa mwezi wa pili. Ndama wa nyumbu hubeba kirusi ambacho yeye hakimdhuru, lakini ng'ombe akikipata ni nadra kupona. Kwa hiyo kila mwaka, majani yakiwa matamu kuliko wakati wowote, tunaondoa ng'ombe wetu kuwapisha nyumbu. Hapaji tangazo wala operesheni. Nyumbu wanakuja, sisi tunaondoka. Mtoto wa miaka tisa anajua. Kwa lugha ya ofisi jambo hili linaitwa uhamaji holela.

Neno holela lina gharama yake, na hapo pia nashukuru. Mwaka juzi ng'ombe wangu 42 walipita kigingi cha mpaka. Kigingi hicho mwaka wa nyuma kilikuwa upande wa pili wa kilima. Nadhani nacho kinahamahama. Ng'ombe wakalala siku sita kwenye zizi la ofisi moja ambayo adabu inanizuia kuitaja. Nilitozwa faini kwa kila kichwa, pamoja na ndama aliyezaliwa humo zizini siku ya nne, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kupita kitu chochote. Sikulalamika. Nilifurahi kuona kiumbe wa boma langu anatambuliwa na dola akiwa na siku mbili tu. Watoto wangu walisubiri vyeti vya kuzaliwa hadi wakaota ndevu.

Nilipokuwa nasubiri risiti, niliona ukutani picha kubwa ya nyumbu. Ndiyo iliyonipa wazo.

Mheshimiwa, nyumbu zaidi ya milioni moja hutoka Ndutu baada ya kuzaa, wakafuata majani magharibi hadi Grumeti, wakapanda kaskazini, mwezi wa saba na wa nane wakavuka Mto Mara na kuingia Kenya bila pasipoti, bila chanjo, bila kibali cha kusafirisha mifugo, kisha mvua za vuli zikianza wakarudi. Ndiyo njia ya mababu zangu, hatua kwa hatua. Wao dunia inapanda ndege kuja kuwashangaa. Njia yao inaitwa ushoroba na inalindwa na askari wenye silaha. Oktoba 2017, ng'ombe zaidi ya 1,300 wa ndugu zetu wa Kenya walivuka mpaka huohuo kufuata majani hayohayo. Walipigwa mnada.

Sasa nafika kwenye ombi langu, na ni dogo. Siombi ardhi, najua ina kazi nyingi. Siombi kisima, jiwe la msingi la kile cha 2014 tunalitunza vizuri, na mbuzi wanalipenda kwa kujikuna. Siombi fidia wala mkutano mwingine. Ninaomba, kwa heshima na taadhima, nisajiliwe kuwa nyumbu.

Nimelifikiria vya kutosha. Najua vijana wa mitandaoni wanalitumia jina hilo kama tusi, kwa mtu anayefuata kundi bila kuuliza. Nimeitwa mvamizi, mzururaji na mharibifu wa mazingira; nyumbu kwangu ni kupandishwa cheo. Kinachohitajika ni karani mmoja anifute kwenye daftari la mifugo na kuniingiza kwenye la maliasili, mimi, kaya yangu na ng'ombe wote. Ng'ombe hawatakusumbua, pembe na mkia tayari wanavyo. Anayepungukiwa ni mimi peke yangu, na niko tayari kupewa muda wa matazamio.

Masharti ya kazi nayakubali. Kupigwa picha nimezoea. Kukimbia bila sababu, kundi zima, gari likitokea, nimezoea zaidi. Mto Mara nitauvuka na mamba wake. Nimepita vizuizi vingi vya barabarani, na mamba akishakula mara moja harudi kudai stakabadhi. Wake zangu wawili wameridhia pia, ila wanauliza kwa unyenyekevu kama kujifungua mwezi wa pili ni lazima au inapendekezwa tu. Suala la ugonjwa nalo halina tatizo. Tukishakuwa nyumbu sote, hapatakuwa na ng'ombe wa kuambukizwa wala mfugaji wa kuwapisha, na ofisi yako itakuwa imemaliza migogoro ya ardhi wilaya nzima kwa muhuri mmoja, kabla hujahamishwa.

Usijisumbue kunijibu. Jibu likiwahi litanikuta nimehama, na likichelewa litakukuta wewe umehama. Ukiona ni lazima sana, libandikwe kwenye mti wowote ukingoni mwa Mto Mara, upande wa kusini, mwezi wa nane. Nitakuwa napita.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,
Mfugaji
(nyumbu mtarajiwa)

Viambatanisho: picha mbili za pasipoti, moja ikiwa na pembe za kuazima, risiti ya faini ya ndama, suruali moja ya kaki, imevaliwa mara moja.

Nakala: Nyumbu wote, Ndutu. Pundamilia, kwa taarifa.