Jua la Kipupwe Hupita Upande wa Turiani

Aliyeanza kusema kwamba paneli yetu imegeuziwa pasipo jua ni mama mkwe, na siku hiyo hakuna aliyemsikiliza. Alikuwa barazani, ungo wa mchele mapajani, akamwambia mwanawe: "Baba, jua la kipupwe linapita upande wa Turiani. Hicho kioo chako umekigeuzia Morogoro kimtazame nani?" Mume wangu akamjibu kwa adabu kwamba karatasi iliyokuja ndani ya boksi inasema kusini, na fundi naye kasema kusini. Mama akaendelea kupepeta.

Tunakaa Dakawa, lakini si ile ya kando ya barabara ya Dodoma yenye maduka na mashine za kukoboa. Nyumba yetu iko ndani, kuelekea mashamba ya mpunga, ambako nguzo za umeme zimeishia njiani. Kwa hiyo sola kwetu si pambo. Ndiyo taa ya watoto kusomea, ndiyo televisheni ya taarifa ya habari, na msimu wa mavuno ndiyo biashara yangu, maana vibarua wanaovuna kwenye skimu huniachia simu zao asubuhi, wakazifuata jioni. Paneli moja ya wati 100, betri, kontrola na inveta ndogo. Kila wati ina kazi yake.

Mwezi wa sita taa zikaanza kuzimika kabla watoto hawajamaliza kuandika. Saa mbili usiku kontrola inawaka nyekundu, inalia, inakata. Simu za watu zinarudi zimejaa nusu, na mtu aliyelipa hela yake haelewi habari za betri.

Ile karatasi haikusema uongo. Iliandikiwa watu wa Ujerumani au Uingereza, ambao jua la mchana huwapitia kusini mwaka mzima. Dakawa iko nyuzi sita na nusu hivi kusini mwa ikweta, na huku jua linahama. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, hupita utosini kabisa. Ukisimama uani mchana kivuli chako unakikanyaga. Kuanzia hapo Machi hadi Oktoba linapita kaskazini, upande wa Turiani, na tarehe 21 Juni mchana linakuwa limeinama nyuzi 30 kutoka utosini. Miezi mitano inayobaki liko kusini, na hata Desemba linapofika mwisho wake huko halizidi nyuzi 17. Kaskazini inashinda kwa miezi na kwa mwinamo.

Bati letu limelala kwa nyuzi 15 hivi. Paneli iliyofungwa upande wa bati unaotazama kusini, mchana wa Juni inapigwa na jua kwa mshazari wa nyuzi 45, na mwanga wa moja kwa moja inaoupata ni kama asilimia 70 ya ule ambao ingeupata ikikabiliana na jua uso kwa uso. Upande wa pili wa bati hilohilo ingepata kama asilimia 97. Mama mkwe hakuyapata haya kwa hesabu. Amekausha mpunga uani tangu ujana wake, na anajua kwamba Juni turubai halitandikwi upande wa kusini wa nyumba, kwa sababu ndiko kivuli kinakoangukia mchana.

Mume wangu ni mtu wa kufikiri, na nampendea hilo. Badala ya kubishana kuhusu kaskazini na kusini alikuja na jibu lake kubwa zaidi. Alikuwa ametoka Gairo kununua mbegu za alizeti, akarudi na wazo. "Mama watoto," akaniambia, "ua lisilo na akili linaamka na jua na kulala nalo. Sisi kwa nini tuipigilie paneli misumari?"

Kwenye ua lenyewe kuna jambo ambalo wengi hatulioni tukipita barabarani. Alizeti hulifuata jua likiwa changa, shina lingali linakua. Likishakomaa na kufungua uso wake huacha kuzunguka, likabaki limetazama mashariki mpaka litakapovunwa.

Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea, karakana yake iko Msamvu. Alikuja na bomba la inchi mbili, fremu ya chuma na kitovu cha gurudumu la nyuma la baiskeli, vyote vimeunganishwa kwa kazi safi kabisa. Ukiisukuma fremu kwa kidole inazunguka bila kelele. Majirani walikuja kutazama. Lakini kitu kizunguke lazima watu wakifikie, na hapo ndipo tabu ilipoingia ndani ya ua wetu: ili paneli ilifuate jua, ilibidi ishuke kutoka paani.

Juu ya paa hapakuwa na kivuli, mbuzi wala mpira wa watoto. Chini vilikuwapo vyote. Waya nao, ambao zamani ulikuwa unateremka tu kutoka kwenye bati hadi kwenye betri chumbani, sasa ulitakiwa kuvuka ua mzima. Zikanunuliwa mita ishirini za waya wa milimita 1.5, ule wa kufungia taa za ndani, kwa kuwa ndio uliokuwapo dukani.

Watoto wakapangiwa zamu. Asubuhi paneli itazame mashariki, saa sita itazame juu, saa tisa itazame magharibi. (Saa sita yenyewe kwetu si kilele cha jua. Saa za Tanzania zimepangwa kwa longitudo 45, nasi tuko kwenye 37 na nusu, hivyo jua la Dakawa hufika juu kabisa kama saa sita na nusu.) Juma la kwanza waligombania kuizungusha. Baadaye ikawa kazi kama kazi nyingine, na siku za shule asubuhi nilibaki mimi, na mchana mama mkwe, ambaye aliniambia waziwazi kwamba hakuolewa kwa wazee wetu aje kuchunga kioo.

Asubuhi za kipupwe ukungu hulala juu ya mabonde ya mpunga. Paneli imegeuzwa mashariki kwa utiifu wote, na mashariki hakuna kitu, weupe mtupu. Mwanga wa ukungu na wa mawingu hauji kutoka upande mmoja. Unatoka mbingu nzima, na paneli iliyolala chali huupata vizuri kuliko iliyosimamishwa kutazama upande mmoja. Kwa hiyo siku za masika, wingu likitanda toka asubuhi hadi jioni, kuzungusha paneli hakuongezi chochote cha maana.

Alasiri kulikuwa na mwembe. Uko magharibi mwa ua, dodo la miaka mingi, alilipanda marehemu baba mkwe. Tukiigeuza paneli magharibi saa tisa, inalitazama jua kupitia matawi. Mume wangu aliomba ruhusa ya kupunguza tawi moja, na mama akasema, kwa sauti ya chini ambayo wote tunaiogopa, "Mwanangu, kata mguu wangu kwanza." Mazungumzo yakaishia hapo. Ubaya wa kivuli kwenye sola ni kwamba haupimwi kwa ukubwa wake. Vile vipande vyeusi vya paneli vimeungwa kimoja baada ya kingine, umeme wa vyote unapita njia moja. Kivuli cha tawi kikifunika vichache tu, nusu ya paneli inaweza kulala. Tulikuwa tunafukuza nyongeza ndogo huku tukipoteza nusu.

Kilichotufikisha pabaya kabisa ni waya. Kitovu cha baiskeli hakina mwisho, kinazunguka tu. Jioni paneli ikiwa magharibi, anayekuja asubuhi alitakiwa kuirudisha alikotoka. Watoto waliona ni rahisi kuisukuma mbele, ikamaliza duara na kufika mashariki kwa njia ya pili. Paneli ilikuwa inatazama panapotakiwa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini kila siku waya ulijizungusha kwenye bomba mara moja zaidi, mpaka ukakaza.

Sendofu ya wifi yangu ilikuwa Agosti, baada ya mpunga kuuzwa. Wageni walitoka Mvomero, Kilosa na Morogoro mjini. Taa zimetundikwa uani, spika imeazimwa, na betri ilikuwa inategemea jua la siku hiyo. Mchana katikati ya pilikapilika za pilau, mtoto mmoja akakumbuka zamu yake, akaisukuma paneli kwa nguvu kwa sababu ilikuwa inagoma. Waya ulichomoka kwenye maungio yake nyuma ya paneli. Hakuna aliyeuona, umebaki unaning'inia. Saa mbili na robo usiku, bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia na mashangazi zake wakipiga vigelegele, giza likatushukia. Wifi akaingia kwa tochi za simu. Alilia, na nilimwelewa. Siku ile hairudiwi. Mume wangu alikaa nyuma ya nyumba na betri yake usiku kucha, na asubuhi sikuwa na neno la kumwambia zaidi ya kumpelekea chai.

Miongoni mwa wageni waliolala alikuwapo kijana anayefunga sola za zahanati. Akaurudisha waya, akasubiri jua likolee, akatoa tester yake. Kwenye paneli ikasoma volti 15.3. Kwenye betri, mwisho wa waya uleule, ikasoma 12.6. Akamwonyesha mume wangu namba zote mbili bila kusema kitu. Karibu volti tatu zilikuwa zinapotea njiani, zikiupasha moto waya mwembamba. Betri ya namna yetu haijai mpaka ifikishwe kwenye 14 na ushee, na ikiachwa ishuke chini ya nusu usiku baada ya usiku inakufa mapema. Paneli nayo ikipata joto volti zake hushuka. "Kaka," akasema yule kijana, "waya wa milimita 6 ungepoteza robo ya hizi."

Paneli ilirudi paani wiki hiyohiyo, safari hii upande wa Turiani, kama alivyosema mama mkwe. Haikulazwa kwenye bati. Imeachiwa nafasi ya kiganja chini yake hewa ipite, kwa sababu kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 inakula kama asilimia 0.4 ya nguvu, na kwenye bati la Dakawa mchana paneli hupita 60 bila shida. Mwinamo wa nyuzi 15 unatosha. Muhimu usipungue 10, ili mvua iioshe yenyewe. Msimu wa kuvuna, vumbi la pumba linapotua kila mahali, mtoto anapanda asubuhi kioo kikiwa bado baridi, anaifuta kwa maji na kitambaa laini. Hiyo ndiyo zamu pekee iliyobaki.

Simlaumu mume wangu kwa wazo lake, kwa sababu si la kipuuzi. Rwanda, katika kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom wilayani Rwamagana, kuna mtambo wa megawati 8.5 ulioanza kazi 2014, wenye paneli zaidi ya 28,000 zinazogeuzwa na kompyuta kutoka mashariki kwenda magharibi, na ongezeko lake linatajwa kuwa asilimia 20. Asilimia 20 ya megawati 8.5 ni megawati 1.7, mali ya kutosha kulipia mota, grisi na fundi wa kudumu. Asilimia 20 ya wati 100 ni wati 20. Chuma, kitovu, kuchomelea na ule waya vilitugharimu karibu bei ya paneli nyingine nzima, ambayo ingeleta wati 100 bila kuzungushwa na mtu.

Mahali ambapo ningekubali kuzungusha ni shambani, kwa mwenye pampu ya sola isiyo na betri, anayetaka maji yaanze kutoka mapema na yaendelee hadi jioni. Huyo yuko pale na jembe lake, paneli anaweza kuigeuzia jua kwa mkono mara mbili au tatu bila gharama. Nyumbani, hapana. Tulinunua paneli ya pili, tukaifunga kando ya ya kwanza, na waya mnene hadi kwenye betri. Mwaka uliofuata simu za wavunaji zilirudi zimejaa.

Anayeishi kuanzia Tanga hadi Songea aelekeze kaskazini. Aliye Kisumu au Kampala, karibu na mstari wa ikweta, achague upande wa bati usio na kivuli. Ndugu zetu walioko Muscat, wao waifuate karatasi, kusini ni sawa kwao. Na popote ulipo, kabla hujamlipa fundi, panda naye juu ya paa saa tisa alasiri mwone kivuli cha mti kinaishia wapi, kisha muulize waya aliokuja nao una milimita ngapi.